Hesabu ya Wajumbe: Mchungaji Jackson na Mchujo wa 1988

Usiku wa tarehe 3 Juni 2008, Seneta Barack Obama wa Illinois alipotimiza idadi ya wajumbe iliyohitajiwa ili awe mgombea urais wa chama cha Democratic nchini Marekani, huku kwetu furaha ilikuwa imekwisha itangulia habari. Maana tangu mwanzo wa mwaka ule sura yake ilikuwa imechorwa ubavuni mwa matatu za Nairobi na Kisumu, na wanywaji wa Kenya, ambao ni mafundi wa kubatiza vitu, walikuwa wamekwisha ipa jina la Obama ile bia rahisi ya pipa iitwayo Senator. Kogelo, kijiji cha babaye katika Siaya, kilikuwa hakina tena faragha kwa wingi wa waandishi. Walakini katika shangwe ile ni wachache waliouliza swali ambalo karani wa hesabu angeliuliza kwanza, nalo ni hili: ilikuwaje mtu aliyeshindwa na Bibi Hillary Clinton katika California, New York, New Jersey, Massachusetts, Ohio na Pennsylvania, ambayo ni katika majimbo yenye watu wengi kabisa, awe ndiye mshindi? Ufasaha wa hotuba zake ulisaidia, na chuki ya raia juu ya vita vya Iraq ilisaidia zaidi. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika kanuni zilizopatanwa miaka 20 kabla, kwa shinikizo la mtu mweusi mwingine, naye alikuwa ameshindwa.

Katiba ya Marekani haitaji vyama wala haina neno juu ya namna vitakavyowapata wagombea wao, na kwa sababu hiyo kazi ile iliachwa mikononi mwa vyama vyenyewe, navyo kwa muda mrefu viliifanya kama ukoo uozeshavyo binti: wazee hukaa faraghani wakashauriana, kisha jamaa wengine hupewa habari na kualikwa karamuni. Mchujo wa kura za wanachama ulipoanza kuenea majimboni mwanzoni mwa karne ya 20, aghalabu ulikuwa ni pambo tu. Seneta Estes Kefauver wa Tennessee aliupata ushindi katika majimbo 12 kati ya 15 mwaka 1952, hata akamfedhehesha Rais Truman huko New Hampshire. Lakini mkutano mkuu ulipokutana Chicago wakubwa wa chama walimpa uteuzi Gavana Adlai Stevenson, ambaye hakuwa ameomba kura za mchujo mahali popote.

Watu weusi wa Kusini hawakuwa hata na nafasi ya kudhulumiwa namna hiyo, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuufikia mlango. Mwezi wa Agosti 1964 wajumbe 68 wa Chama cha Kidemokrasia cha Uhuru cha Mississippi walisafiri hadi Atlantic City kudai viti vya jimbo lao, kwa hoja kwamba ujumbe uliojiita rasmi ulikuwa umechaguliwa na wazungu peke yao. Bibi Fannie Lou Hamer, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya pamba, aliketi mbele ya kamati ya kuhakiki hati za wajumbe akaeleza, kamera za televisheni zikimwelekea, jinsi alivyofukuzwa shambani kwa kosa la kutaka kujiandikisha apige kura, na jinsi alivyopigwa katika jela ya Winona. Rais Johnson, mtu mjuzi wa hila, aliitisha papo hapo mkutano wa waandishi ili kamera zimwache mama yule. Hila ikamgeukia, maana jioni yake vituo vya televisheni viliurudia ushahidi ule wakati taifa zima lilipokuwa nyumbani. Pamoja na hayo hesabu ilibaki ileile: walipewa viti 2, wakavikataa, wakarudi makwao.

Mwaka 1968 ndio uliouvunja utaratibu wa wazee. Vita vya Vietnam vilikuwa vimewafarakanisha baba na mwana, na Seneta Eugene McCarthy wa Minnesota, mtu mpole mwenye tabia ya kishairi, alipopata asilimia 42 huko New Hampshire tarehe 12 Machi dhidi ya rais aliye madarakani, Johnson alitambua ya kuwa kiti kinatikisika, na tarehe 31 mwezi uo huo akatangaza kwamba hatagombea tena. Robert Kennedy alikuwa amekwisha ingia. Martin Luther King akauawa tarehe 4 Aprili. Kennedy mwenyewe akapigwa risasi katika hoteli moja ya Los Angeles usiku wa ushindi wake wa California, akafa tarehe 6 Juni. Hata hivyo mtu aliyeteuliwa Chicago mwishoni mwa Agosti hakuwa yeyote kati ya waliozunguka nchi wakiomba kura: alikuwa ni Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika mchujo hata mmoja, na ambaye alipewa kura zaidi ya 1,750 za wajumbe ilhali McCarthy aliambulia 601. Nje ya ukumbi, polisi wa Meya Richard Daley waliwapiga vijana marungu katika barabara ya Michigan, na dunia ikaona. Wako wapenzi wa Kennedy wanaoshikilia hata leo kwamba angalikuwa hai angaliupata uteuzi ule. Nadhani ni huruma inayosema, si hesabu. Wajumbe wengi walikuwa mikononi mwa magavana, mameya na wakuu wa vyama vya wafanyakazi, na watu hao walikuwa wamekwisha kata shauri.

Fedheha ile ilizaa tume, iliyoongozwa kwanza na Seneta George McGovern na baadaye na Mbunge Donald Fraser, nayo ikaagiza kwamba wajumbe wapatikane kwa njia za wazi, na kwamba wanawake, vijana na watu weusi wasiachwe nje. Majimbo mengi yaliona njia nyepesi ya kutii ni kufanya mchujo wa kura. McGovern aliyezijua kanuni kuliko wenzake alizitumia mwaka 1972 akaupata uteuzi. Mwaka huohuo Bibi Shirley Chisholm wa Brooklyn, mwanamke wa kwanza mweusi kuingia Bungeni, aligombea akiwa na fedha kidogo na dharau nyingi za wanaume, weusi kwa weupe, na akapata kura takriban 152 za wajumbe. Kisha Novemba ikafika, McGovern akashindwa na Nixon katika majimbo 49 kati ya 50, na wazee wa chama wakapata walichokuwa wakikitafuta, yaani hoja ya kusema kwamba raia wakiachiwa wenyewe huteua watu wasiochagulika. Mwaka 1982 tume nyingine, chini ya Gavana James Hunt wa North Carolina, ilitenga viti kwa ajili ya wabunge, maseneta na viongozi wa chama wasiofungwa na kura ya mtu yeyote. Tutawaita wajumbe wakuu. Katika mkutano wa 1984 walikuwa karibu mmoja katika kila wajumbe 7.

Ndivyo ulivyokuwa uwanja alioingia Mchungaji Jesse Jackson. Alizaliwa Greenville, South Carolina, tarehe 8 Oktoba 1941, na mama kijana asiyeolewa, akalelewa katika ufukara na chini ya sheria za ubaguzi, akapanda kwa kipaji cha ulimi hata akawa katika wasaidizi wa King, na alikuwa Memphis siku King alipouawa. Makao yake aliyaweka Chicago, akiwashurutisha wenye maduka na viwanda kuajiri watu weusi kwa tishio la kugomewa. Mji ule ulipomchagua Harold Washington kuwa meya wake wa kwanza mweusi mwezi wa Aprili 1983, Jackson aliona kwa macho yake kile ambacho uandikishaji wa wapiga kura wapya unaweza kukifanya, na kabla mwaka haujaisha alitangaza kugombea urais.

Waama, safari ya 1984 haikuwa safi. Katika mazungumzo aliyoyadhani ni ya siri alitamka neno la kuwadharau Mayahudi wa New York, neno likachapishwa, akakana kwanza, kisha akaomba radhi katika sinagogi moja la Manchester, New Hampshire. Na urafiki wake na Louis Farrakhan, mhubiri aliyejulikana kwa maneno makali juu ya Mayahudi, uliliongezea jeraha chumvi. Mtu wa mrengo wa kushoto anayesimulia habari za Jackson akalipita jambo hili kimya anawadhulumu wasomaji wake. Lakini tukiisha kulitaja, na tutazame hesabu: alipata kura zaidi ya milioni 3, ambazo ni kama asilimia 18 ya zilizopigwa, na mkutano mkuu ulipokutana San Francisco alihesabiwa kura 465 na nusu kati ya 3,933, yaani chini ya asilimia 12. Theluthi nzima ya haki yake ilikuwa imeyeyuka njiani. Ilikwenda wapi? Ilimezwa na kizingiti, kwa maana mgombea aliyekosa asilimia 20 katika wilaya ya uchaguzi hakupewa kitu. Na ilimezwa na majimbo yaliyompa mshindi wa wilaya wajumbe wote, au yaliyomwongezea mjumbe wa bakshishi juu ya fungu lake. Jackson alilalama kwa sauti kubwa, wengi wakamwona mlalamishi, lakini chama kiliunda tume ya kuchunguza insafu ya kanuni zake, na kizingiti kikateremshwa hadi asilimia 15. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza, na magazeti hayakuupa nafasi kubwa.

Miaka minne baadaye alirudi akiwa mtu mwingine, au tuseme alirudi akiwa amejifunza kuhesabu. Makao yake ya kampeni katika Iowa hayakuwekwa katika mji mkubwa. Yaliwekwa Greenfield, mji mdogo wa wakulima wazungu, wakati ambapo mabenki yalikuwa yakinadi mashamba ya watu waliozaliwa juu yake na madeni yakiwasukuma wengine hata kujiua. Kampuni ya Chrysler ilipotangaza mapema mwaka 1988 kwamba itakifunga kiwanda cha magari cha Kenosha, Wisconsin, ambacho maelfu ya watu walikitegemea kwa riziki, Jackson alikwenda kusimama na wafanyakazi langoni, wengi wao wakiwa ni wazungu ambao baba zao wasingalimkaribisha sebuleni. Alipenda kuwaambia ya kwamba taa za kiwanda zikizimwa, gizani hapatambulikani mweupe wala mweusi. Programu yake ilikuwa nyofu: bima ya afya kwa kila raia, kodi zaidi kwa matajiri, fedha za jeshi zipunguzwe zikajenge nyumba na shule, na serikali ya makaburu ibanwe mpaka iachie. Muungano huo aliuita wa Upinde wa Mvua, na wachambuzi wa Washington waliucheka kama watu wanaocheka ndoto ya mtoto.

Kicheko kilikoma mwezi wa Machi. Wanasiasa wa Kusini walikuwa wamekusanya mchujo wa majimbo yapatayo 20 katika siku moja, tarehe 8, kwa nia ya kumpa nguvu mgombea wa kwao mwenye msimamo wa wastani. Wala hawakufikiri sana kwamba katika Kusini hiyo hiyo wapiga kura weusi walikuwa sasa wameandikishwa kwa wingi. Jackson aliyachukua Alabama, Georgia, Louisiana, Mississippi na Virginia. Mississippi, ambako Bibi Hamer alipigwa! Kisha tarehe 26 Machi, katika mikutano ya uteuzi ya Michigan, alipata zaidi ya nusu ya kura zote na kumwacha mbali Gavana Michael Dukakis wa Massachusetts, na kwa siku kadhaa watu wawili hao walikuwa karibu sawa katika idadi ya wajumbe. Hapo ndipo magazeti yaliyokuwa yakiuliza Jackson anataka nini yalipoanza kuuliza, kwa sauti iliyobadilika, ni nani atakayemzuia.

Walimzuia. Wisconsin ilimwendea Dukakis tarehe 5 Aprili, licha ya umati wa Kenosha, na New York ikafuata tarehe 19, baada ya Meya Ed Koch kusema kwamba Myahudi atakayempa Jackson kura ana wazimu, maneno yaliyotonesha kidonda cha 1984 na kukitia sumu mpya. Siku ile ile ya New York, katika jimbo dogo la Vermont, ambalo karibu wakazi wake wote ni wazungu, Jackson alishinda mikutano ya uteuzi. Na miongoni mwa waliosimama kumsemea alikuwamo meya wa Burlington, msoshalisti ambaye hakuwa hata mwanachama wa chama cha Democratic, aitwaye Bernie Sanders. Mwisho wa mchujo Jackson alikuwa na kura karibu milioni 7, sawa na asilimia 29 au karibu na hapo. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyekuwa amefika nusu ya hapo.

Yaliyotokea Atlanta mwezi wa Julai yamesimuliwa mara nyingi, na aghalabu yamesimuliwa visivyo. Watu hukumbuka kwamba Dukakis alimchagua Seneta Lloyd Bentsen wa Texas kuwa mgombea mwenza, na kwamba Jackson, aliyeitamani nafasi ile, alipata habari kwa mdomo wa mwandishi kabla Dukakis hajampata kwa simu. Hukumbuka misafara ya mabasi kutoka Chicago. Hukumbuka hotuba ya usiku wa tarehe 19, ambamo alimwita Bibi Rosa Parks jukwaani, kisha akaeleza jinsi bibi yake alivyoshona blanketi kwa viraka vya nguo kuukuu, akaufanya ushonaji ule kuwa ni mfano wa muungano wa wanyonge. Ilikuwa hotuba kubwa. Lakini shangwe si mali ya kuweka akiba, na kesho yake Dukakis aliteuliwa kwa kura 2,876 dhidi ya 1,218 za Jackson, akaenda zake akashindwa na George Bush.

Mapatano yenyewe yalikuwa yamekwisha fanywa kimyakimya wiki kadhaa kabla. Dukakis alihitaji mkutano wa amani, maana chama kinachogombana mbele ya televisheni hukimbiwa. Jackson alikuwa na zaidi ya wajumbe 1,000 wanaoweza kugombana. Na katika nafasi hiyo wakili Harold Ickes, aliyemwakilisha Jackson, aliketi na watu wa Dukakis wakaandika kanuni za 1992. Kwa ufupi ni hivi: jimbo lolote lisimpe mshindi wajumbe wote, bakshishi ya mshindi ifutwe, na kila mgombea aliyevuka kizingiti cha asilimia 15 apewe fungu la wajumbe kwa uwiano wa kura zake. Idadi ya wajumbe wakuu nayo ilipatanwa ipunguzwe, ila ahadi hiyo haikudumu; viongozi wa chama waliirudisha idadi yao baada ya uchaguzi kwisha, kama ilivyo ada ya wenye viti.

Msomaji asiyependa tarakimu na avumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini. Tuchukue wilaya moja ya kubuni yenye wajumbe 5, ambamo mgombea mmoja amepata kura 55 katika kila 100 na mwenzake 45. Kwa desturi ya mshindi kuchukua vyote, wa kwanza huondoka na wajumbe 5 na wa pili mikono mitupu, na watu 45 wale ni kana kwamba walilala nyumbani. Kwa kanuni ya Atlanta, wa kwanza hupata 3 na wa pili 2. Tofauti ni ndogo katika wilaya moja. Katika mamia ya wilaya ni tofauti kati ya mgombea wa wachache kutupwa nje mwezi wa Machi na kufika mkutanoni akiwa na neno la kusema. Chama cha Republican hakikufuata njia hiyo kikamilifu, na majimbo yake mengi bado humpa mshindi wajumbe wote.

Katika ilani ya chama Jackson alishindwa na kushinda. Hoja ya kuwatoza matajiri kodi zaidi ilipigiwa kura ikaanguka. Lakini Afrika Kusini ya makaburu ilitajwa kuwa ni dola ya kigaidi, na hili si dogo ukikumbuka kwamba miaka miwili tu nyuma Rais Reagan alikuwa ameipinga sheria ya vikwazo mpaka Bunge likalibatilisha pingamizi lake. Na kwa watu wa Morogoro, waliowaona vijana wakimbizi wa ANC wakisoma Mazimbu, maneno yale yalikuwa ni ushahidi kwamba hata katika nchi kubwa wako waliokuwa wakivitazama vita dhidi ya makaburu kwa jicho walilolitumia wao. Suala la Palestina nalo liliingizwa, kwa mara ya kwanza kwa uzito ule: James Zogby, Mmarekani wa asili ya Kiarabu na mtu wa kambi ya Jackson, alipanda jukwaani akawatetea Wapalestina. Hoja haikupigiwa kura, kwa maafikiano, lakini ilisikika.

Miaka iliyofuata sihitaji kuisimulia kwa urefu. Ron Brown, aliyeisimamia kazi ya Jackson katika mkutano wa Atlanta, alichaguliwa mwaka 1989 kuwa mwenyekiti wa chama, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho, na chini yake Bill Clinton aliupata urais mwaka 1992 kwa siasa iliyokuwa mbali sana na ile ya Upinde wa Mvua. Kanuni zililala kitabuni zikingoja mchujo wenye wagombea wawili wanaolingana nguvu.

Mchujo huo ulikuja 2008. Tarehe 5 Februari, siku majimbo zaidi ya 20 yalipopiga kura, Bibi Clinton alishinda New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni moja walijitokeza, akapata wajumbe 59 dhidi ya 48 wa Obama, yaani faida ya 11. Siku hiyohiyo katika Idaho, jimbo la viazi na milima ambalo chama cha Democratic karibu kimelikatia tamaa, watu kama elfu 21 walihudhuria mikutano ya uteuzi. Obama aliyepeleka watu wake huko mapema alipata wajumbe 15 na Clinton 3, faida ya 12. Idaho ikaishinda New Jersey! Mezani pa Obama palikuwa na watu waliokisoma kitabu cha kanuni. Mezani pa Clinton walidhani majimbo makubwa yatamaliza shauri. Mnamo Machi Clinton alishinda kura za Texas, na Obama akatoka na wajumbe wengi kuliko yeye katika jimbo hilohilo. Kanuni za kumpa mshindi vyote zingalikuwa zinatumika, yaelekea kwamba Marekani ingalimpata mwanamke mgombea miaka 8 kabla ya wakati wake.

Ni uadilifu kukiri kwamba hesabu ya Idaho ina kasoro yake. Watu elfu 21 wenye nafasi ya kukaa mkutanoni jioni nzima wamepewa uzito kuliko milioni moja, na mikutano ya namna hiyo humfungia nje mama wa zamu ya usiku, mgonjwa na mfanyakazi asiye na ruhusa, ambao ndio watu mrengo wa kushoto unaodai kuwasemea. Mwaka 2008 wengi wetu tuliolipenda tokeo hatukuihoji njia.

Na kanuni haina rafiki. Bernie Sanders alipogombea mwaka 2016 dhidi ya Bibi Clinton, akiwa na programu ambayo sehemu yake nzuri ingeliweza kunakiliwa kutoka karatasi za Jackson, usiku wa tarehe 8 Machi aliwashangaza wote kwa kushinda Michigan. Lakini alishinda kwa kura chache, akapata wajumbe 67 na Clinton 63, na usiku uo huo Mississippi ilimpa Clinton zaidi ya asilimia 80 ya kura, na wajumbe 31 kwa 5. Vyombo vya habari viliimba Michigan. Jumla ya wajumbe iliegemea upande wa pili. Wafuasi wa Sanders waliwalaumu wajumbe wakuu, ambao kwa kweli walimkimbilia Clinton mapema mno na kuutia mchujo harufu mbaya. Lakini kilichomshinda zaidi ni wapiga kura weusi wa Kusini, wajukuu wa wale waliomchagua Jackson, ambao hakwenda kukaa nao kama Jackson alivyokwenda kwa wazungu wa Greenfield na Kenosha. Malalamiko ya wafuasi wa Sanders yalizaa kitu hata hivyo: mwezi wa Agosti 2018, chama kilipokutana Chicago, kilikata kwamba wajumbe wakuu wasipige kura katika duru ya kwanza ya uteuzi, isipokuwa mshindi awe amekwisha julikana.

Mwaka 2024 Rais Biden hakuwa na mpinzani wa maana, na South Carolina iliwekwa na chama kuwa ya kwanza katika kalenda. Waliopinga siasa yake juu ya vita vya Gaza, kwa kukosa mgombea, walijaza kisanduku cha wasiomchagua yeyote. Katika Michigan walizidi laki moja, nao walikuwa asilimia 13, chini ya kizingiti cha jimbo, wakapata wajumbe 2 tu kwa kura za wilaya. Katika Minnesota walifika asilimia 19 na kizingiti cha 15 kikawapa wajumbe 11. Kwa kura hizo na za majimbo mengine wakaingia katika mkutano wa Chicago mwezi wa Agosti wakiwa takriban 30, baada ya Biden kujitoa na uteuzi kumwendea Bibi Kamala Harris pasipo mchujo mpya. Ombi lao lilikuwa dogo: Mmarekani mmoja wa asili ya Kipalestina apewe dakika chache jukwaani. Walijadiliana na viongozi siku kadhaa, wakakesha nje ya ukumbi wakingoja simu, na jibu likawa hapana. Katika Atlanta, wakati Jackson alipokuwa na wajumbe zaidi ya 1,000 nyuma yake, Zogby alikuwa amepewa jukwaa.